Kijiko Kimoja ni Kiasi Gani?

Neno la kamusi ni viuavijasumu. Katika miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta ya kemisti hapa Nyamasaria, sijasikia mteja hata mmoja akilitamka. Watu huomba Amoxil, hata kama kopo lina jina lingine kabisa. Huomba Septrin, Flagyl, "zile kapsuli nyekundu na njano", au kwa kifupi tu, "dawa ya maji ya mtoto". Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Dawa ya maji ipi? Mtoto ana kilo ngapi? Mteja huyaona maswali hayo kama kupotezewa wakati, maana tuktuk inamngoja kando ya barabara ya Nairobi na pesa aliyonayo ni ile iliyo mkononi. "Daktari, we nipee tu. Nitampea kijiko kimoja kimoja."

Sasa, kijiko kimoja ni kiasi gani? Swali lenyewe laonekana la jikoni. Lakini nimelifuatilia kwa muda katika vitabu na majarida ya udaktari, na nimeona kwamba karibu kila hofu na kila ukaidi unaofika kaunta una mizizi mirefu. Iko sababu ya dani, nyanya wa mtoto, kutaka mjukuu achomwe sindano. Iko sababu ya mama kuacha dawa siku ya tatu. Na hiyo kanuni ya kumpima mtoto kwa kilo, badala ya kumkadiria kwa macho, kuna watoto waliokufa kabla watu hawajaielewa.

Tuanze na sindano, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kijiko. Kabla ya kuwapo penisilini kulikuwa na buba. Ni ugonjwa wa bakteria, unakula ngozi na baadaye mifupa, na wengi wanaoupata ni watoto. Miaka ya 1920 idara ya afya ya serikali ya kikoloni nchini Kenya iliendesha kampeni ya kuutibu kwa sindano za bismathi na za dawa zenye aseniki. Mwanahistoria Marc Dawson aliyeiandikia kampeni hiyo ameeleza jinsi watu walivyoikimbilia. Si vigumu kuelewa. Mtu mwenye vidonda vya mwaka mzima anachomwa, na baada ya siku chache vidonda vinakauka. Serikali iliyokuja na kodi ya kibanda na kipande shingoni, kwa mara ya kwanza, imeleta kitu ambacho mtu anakiona kwa macho kuwa kimemfaa.

Shida ni kwamba vidonda vilikauka mapema mno. Aliyepona kwa macho hakuona haja ya kurudi kwa sindano ya pili na ya tatu, akaenda zake shambani. Bakteria walikuwa bado wamo mwilini, na buba ikarudi. Maafisa wa wakati huo walilalamika kwamba Waafrika hawamalizi matibabu. Mimi nikisoma malalamiko hayo huwa nacheka kidogo, kwa sababu ni yale yale yanayotolewa leo, na aliyelaumiwa ni yule yule: mgonjwa aliyetembea maili nyingi, akapona, kisha akaambiwa atembee tena maili zile zile kwa ajili ya ugonjwa asiouona. Imani ya sindano ikabaki. Nyanya aliwaambia wanawe, nao wakawaambia wao, kwamba dawa ya kweli inauma.

Penisilini ilipokuja, iliipa imani hiyo nguvu zaidi. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni ya buba katika nchi 46, wakatibu watu wapatao milioni 50, wengi kwa sindano moja tu ya penisilini inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Sindano moja, basi. Hakuna wa kurudi, hakuna wa kulaumiwa.

Lakini kabla ya penisilini kuwa ya mamilioni, ilikuwa ya kugawiana kwa matone, na hapo ndipo mtoto anapoingia. Februari 1941, huko Oxford, Uingereza, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alipewa dawa hiyo mpya. Usaha ulikuwa umemla uso na jicho moja lilikuwa limeshatolewa. Siku chache tu homa ikashuka, akaanza kula. Kisha dawa ikaisha. Madaktari walikuwa wakikusanya mkojo wake ili waichuje penisilini iliyomo na kumrudishia mwilini, na hata hiyo haikutosha. Alifariki mwezi Machi. Howard Florey na wenzake wakaamua kwamba wagonjwa watakaofuata wawe zaidi watoto, maana mwili mdogo unahitaji dawa kidogo, na kidogo ndicho walichokuwa nacho.

Ulikuwa uamuzi wa busara. Ila angalia mtoto alivyoingia katika historia hii: kama mtu mzima aliyepunguzwa. Gawanya dozi, mpe. Fikra hiyo ilidumu karibu miaka ishirini, na ilivunjwa mwaka 1959 katika wodi ya watoto wachanga huko Los Angeles.

Dawa yenyewe ilikuwa kloramfenikoli, ambayo Wakenya waliofika makamo wanaikumbuka vizuri kwa homa ya tumbo. Iliingia sokoni 1949 na ilisifiwa sana. Katika wodi ile walipewa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa tahadhari tu: maji ya mama yalikuwa yamepasuka zaidi ya siku nzima kabla ya kujifungua, na daktari aliogopa maambukizi. Watoto wakaanza kuvimba tumbo, kupoa mwili, na kugeuka rangi ya majivu. Burns na wenzake waliwagawa watoto katika makundi ili wajue kinachowaua. Wasiopewa dawa yoyote, alikufa karibu mmoja kati ya watano. Waliopewa kloramfenikoli, walikufa zaidi ya nusu. Ini la mtoto mchanga halijajifunza bado kuivunjavunja dawa hiyo, na figo zake hazijaweza kuitoa, kwa hiyo kila dozi ilijazana juu ya iliyotangulia. Kumbe mtoto si mtu mzima mdogo. Na mtoto wa siku tatu si mtoto wa miaka mitatu mdogo.

Hata kile ambacho dawa imeyeyushwa ndani yake kina historia yake. Mwaka 1937 kampuni moja ya Tennessee, Marekani, ilitaka kuuza sulfanilamidi kwa watu wasiopenda kumeza tembe, hasa watoto. Mkemia wao akaiyeyusha katika dayathilini glaikoli, kimiminika kitamu chenye sumu, akatia ladha ya matunda, akaonja, akaona tamu. Hakuna aliyeijaribu kuona kama ni salama, na sheria haikudai hivyo. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi, kwa figo kufa. Kosa pekee ambalo kampuni ilishtakiwa nalo lilikuwa la jina: waliiita "elixir", na elixir kwa sheria ya wakati ule ilipaswa kuwa na pombe. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kudai usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Mwaka 2022, miaka 85 baadaye, sumu hiyo hiyo ilipatikana katika dawa za kikohozi huko Gambia, baada ya watoto zaidi ya 60 kufa. Hizo hazikuwa za kuua bakteria, lakini zilikuwa ni dawa ya maji ya mtoto. Ndiyo maana chupa isiyo na nambari ya usajili siigusi, hata muuzaji akinipunguzia bei vipi.

Habari za Los Angeles hazikuiondoa kloramfenikoli hapa kwetu, na sidhani ilipaswa kuondolewa. Kwa mtoto aliyekwisha kupita umri wa uchanga na ana uti wa mgongo, iliokoa maisha, ilikuwa ya bei nafuu, na kwa miongo mingi hospitali za wilaya ziliitegemea. Swali lilikuwa nani anapima, na anapima vipi. Hospitali kubwa ya Kisumu, ambayo sasa ina jina la Jaramogi na sisi bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ilifunguliwa Oktoba 1969, siku ambayo watu wa mji huu walipigwa risasi barabarani na ambayo wazee hapa huisimulia kwa sauti ya chini. Kuwa na jengo ni jambo moja. Mwaka 2004 Mike English na wenzake walichapisha katika Lancet uchunguzi wa jinsi watoto wanavyohudumiwa katika hospitali za wilaya nchini Kenya, na picha haikupendeza: vifaa vinakosekana, wahudumu ni wachache, na kila mmoja anatibu alivyojua yeye.

Kilichofuata ni kijitabu kidogo kinachoingia mfuko wa koti. Humo kila dawa ya mtoto imeandikwa kwa kilo, na jedwali limeshapiga hesabu tayari, ili daktari mwanagenzi wa saa tisa usiku asitegemee kichwa chake. Jentamaisini ni mfano mzuri. Ikizidi, inaharibu figo na masikio. Ikipungua, mtoto anakufa na maambukizi ya damu. Kijitabu kinasema miligramu 7.5 kwa kilo, mara moja kwa siku, na kwa mchanga wa wiki ya kwanza kiasi kidogo zaidi, tena kikitofautisha aliye chini ya kilo 2. Katika hospitali 8 za wilaya, watafiti walifuatilia kwa miezi 18 wakaona kwamba kijitabu peke yake hakibadilishi sana. Kijitabu pamoja na mafunzo, na mtu wa kurudi kila mara kuuliza mambo yanaendaje, kinabadilisha.

Lakini watoto wengi hawafiki hospitali. Hapo ndipo Siaya inapoingia, mwendo wa saa moja na ushee kwa matatu kutoka Kisumu. Katikati ya miaka ya 1990 hospitali ya Siaya ilikuwa mojawapo ya mahali pa kujaribia mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja. Mwongozo haukuhitaji eksirei. Ulihitaji saa, na macho ya mtu mtulivu. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja, 50 au zaidi ni nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, ni jambo kubwa zaidi. Kwa upande wetu wa ziwa kulikuwa na mtego wake: mtoto mwenye malaria naye ana homa na anapumua haraka, kwa hiyo wengi walionekana kuwa na vyote viwili na kupewa dawa za vyote viwili.

Huko huko Siaya, shirika la CARE liliwafunza wanakijiji wa kawaida kutibu watoto kwa mwongozo uliorahisishwa, na dawa yao ya nimonia ilikuwa Septrin. Malaria waliimudu vizuri. Nimonia iliwashinda zaidi, na mtu aliyewahi kuhesabu pumzi za mtoto anayelia ataelewa kwa nini. Septrin yenyewe nayo ilibadilishiwa kazi. Miaka ya 2000 ikawa dawa ya kila siku ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na hapa Nyanza hilo lilimaanisha nyumba nyingi sana. Mama akipewa Septrin ya mtoto mbele ya watu, macho yanageuka. Bakteria nao walizidi kuizoea. Baadaye mwongozo ukahamia kwenye amoksisilini.

Na sasa turudi kwenye chupa.

Desemba 1989 serikali ilianzisha kuchangia gharama katika hospitali, na mwananchi akajifunza njia ya kemisti. Ada za watoto wadogo zilikuja kuondolewa, mwaka 2004 zahanati zikawa za shilingi 10 na vituo vya afya 20, na 2013 hata hizo zikafutwa. Lakini njia iliyozoewa haifutwi na tangazo. Halafu ukaja mgomo wa madaktari wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na mwaka huo huo wauguzi nao wakagoma karibu miezi mitano. Kwa watu wa Nyamasaria kemisti ndiyo iliyokuwa hospitali. Sheria inasema dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Sheria haikusema cheti kiandikwe na nani wakati madaktari wako barabarani.

Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia. Shirika la Afya Duniani linampa takriban miligramu 40 za amoksisilini kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, siku 5. Hiyo ni karibu miligramu 500 kila mara. Dawa ya maji iliyojaa kwenye rafu ni ya miligramu 125 kwa mililita 5. Kwa hiyo ni mililita 20 asubuhi na 20 jioni, yaani vijiko vinne vya kipimo kila mara. Chupa ya mililita 100 inaisha asubuhi ya siku ya tatu. Dozi kamili ni chupa mbili. Ukimwambia mama hivyo anakuangalia kama mwizi, kwa sababu yeye, na mamake kabla yake, wamezoea chupa moja na kijiko kimoja mara tatu. Nimebishana na wazazi wengi sana juu ya kijiko, na karibu wote waliogopa kuzidisha. Aliyeogopa kupunguza simkumbuki. Hesabu hiyo, lakini, ni ya ugonjwa huo na ya kilo hizo. Masikio, koo na mkojo vina hesabu zao, na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa hana biashara kaunta. Huyo ni wa Russia, tena sasa hivi. Vilevile kama mtoto aliwahi kutoka vipele au kuvimba uso baada ya penisilini, nataka kujua kabla sijafungua kabati.

Halafu kuna maji. Dawa inauzwa ikiwa unga, nao unahitaji maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama, si juu yake. Mtu huutikisa unga kwanza ili usigande chini, hutia maji kidogo, hutikisa, huongeza mpaka alama. Wengine hujaza hadi shingoni ili chupa "ifike mbali". Inafika mbali kweli, ila imekuwa hafifu. Ikishachanganywa hukaa kama siku 7, mahali pa baridi. Hapa wenye friji ni wachache na stima hupotea. Wengi huiweka chupa kando ya mtungi. Na kila kijiko ni lazima itikiswe, la sivyo siku za kwanza mtoto anakunywa maji, na siku ya mwisho dawa yote. Kijiko cha jikoni nacho, usiniambie. Cha nyumba hii si cha nyumba ile. Sirinji isiyo na sindano ni ya bei ndogo na ina mistari.

Mambo haya yote ndiyo yaliyoleta ile tembe ya miligramu 250 inayoyeyuka ndani ya maji kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10 hupewa moja, mara mbili kwa siku. Wa 10 hadi chini ya 14, mbili. Hakuna friji, hakuna alama ya chupa. Inakaa kwenye karatasi yake, na akina mama wanaweza kuhesabu zilizobaki. Nyanya bado huidharau kwa kuwa si tamu na haiumi. Kwa huyo nina jibu moja ambalo nalipenda. Mwaka 2015 Ambe Agweyu na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa katika hospitali za Kenya na watoto zaidi ya 500 wenye nimonia ya kifua kuingia ndani. Nusu walidungwa penisilini, nusu walikunywa amoksisilini. Waliokunywa hawakufanya vibaya kuliko waliodungwa. Mwaka uliofuata mwongozo wa nchi ukabadilika. Sindano ya buba ilikuwa imetawala karibu miaka mia moja.

Kuna upande mwingine, na huu ndio unaonipa kazi zaidi siku hizi: mtoto asiyehitaji dawa. Mafua si bakteria, na kuhara kwingi kwa watoto hutibiwa kwa maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki. Jaribio lililofanywa katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwamo, liliwapa watoto zaidi ya 8,000 wenye kuhara azithromaisini au dawa bandia. Vifo havikupungua. Kisii na Homa Bay, watoto 1,400 waliotoka hospitali walipewa dawa hiyo hiyo ya siku tano ili isaidie kuwalinda nyumbani, na nayo haikuwalinda kuliko dawa bandia. Inauma kusoma hivyo, maana ukimtoa mtoto hospitali unatamani kumpa kitu chochote. Kwa upande wa pili wa mizani, mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani, na mmoja kati ya kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano.

Tangu Septemba 2023 serikali ina wahudumu wa afya ya jamii 100,000 vijijini na mitaani. Wa mtaa wetu ni mwanamke wa makamo anayejulikana kila mlango. Anahesabu pumzi vizuri kuliko vijana wengi niliowaona wakihitimu. Anaweka simu kwenye goti, anamwambia mama amnyonyeshe mtoto atulie, anasubiri. Amoksisilini hana kwenye mkoba wake. Anachoandika ni rufaa ya kwenda kituo cha afya, na mvua kubwa ikinyesha huko milimani, mto Nyamasaria ukavunja kingo na maji kutandaa hadi Kano, rufaa hiyo inakaa mezani pamoja na mtoto.